Mwalimu wa Prosesa Zinazokuja

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, ukipita nyuma ya soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ungewakuta watu wameketi kwenye mabenchi ya kuazima kanisani wakisikiliza habari za vitu ambavyo bado havijauzwa popote duniani. Aliyewapa habari hizo alikuwa Mrundi mmoja mrefu, mwenye koti la kahawia lililopauka mabegani, ambaye kambi nzima ilimwita Mwalimu. Sisi tuliokuwa mafundi hapa kabla yake tulimwita hivyo hivyo, maana hakuna aliyetuuliza maoni yetu.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kazi hiyo niliianza Bukavu nikiwa kijana, na huku Malawi nimeiendeleza katika kibanda changu, mwendo wa dakika moja kutoka darasa lake. Nilimwonea wivu yule mtu tangu mwaka wa kwanza, na nalisema mapema ili msomaji ajue anatazama kwa jicho la nani. Mtu akikuambia kwamba anakumbuka mema matupu ya jirani anayefanya kazi moja na yake, huyo ama ni malaika ama ana kitu anataka kukuuzia.

Habari zake zilikuwa za prosesa. Kwa asiyejua, prosesa ni kile kipande cha mraba, kidogo kuliko biskuti, kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Mwalimu alisoma kwenye simu, kwa Kiingereza, akiwa amesimama kwenye kilima kile ambako mtandao unashika vizuri, kisha akaja kuandika kwa kalamu nene juu ya kadibodi iliyotundikwa darasani. Juu ya kadibodi palikuwa na neno moja tu: ZINAZOKUJA. Chini yake aliorodhesha prosesa za kompyuta za mezani zinazotarajiwa, na kipimo cha utengenezaji wa kila moja, yaani udogo wa vijisehemu vya umeme vilivyomo ndani yake. Kadibodi ya kwanza niliyoiona ilisema nanomita saba. Ikafuata ya tano, ikafuata ya tatu, na siku hizi watu wanazungumzia mbili.

Sasa waambie watu wanaopika nsima, ule ugali wa huku, kwa makaa habari za nanomita, uone kama watarudi wiki ijayo. Kwake walirudi. Nilikuwa nimesimama mlangoni siku alipowaeleza, nikijifanya nangoja mteja.

"Muangalie hapa kwetu," alisema, kwa Kiswahili cha kambini ambamo "ndio" ni "njo". "Zamani nyumba zilikuwa mbalimbali. Ukitaka chumvi kwa jirani, unatembea, unachoka. Sasa tumejengana karibu, chumvi unapokea kwa dirisha. Njo hivyo umeme ndani ya prosesa. Vijumba vikiwa vidogo, vikikaa karibu, umeme unatembea kidogo. Haichoke sana. Haikule sana betri yenu."

Mama mmoja muuza nyanya akauliza, "Na joto, Mwalimu? Sisi tukijaa wengi mu chumba kimoja, kunakuwa joto."

"Ego, Mama," akasema, kwa ile ndiyo ya kwao. "Hapo njo bale bahandisi banalia. Tena ukuta ukiwa mwembamba, maneno ya bwana na bibi jirani anasikia. Umeme nayo inapenya mahali haikuitwa."

Walicheka mpaka kinyozi wa jirani akatoka na mkasi mkononi kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo kinyozi alifunga saluni yake saa nne kila Jumamosi. Mambo yale yote mimi niliyajua, au tuseme niliijua nusu yake. Lakini kwa miaka yote niliyokaa kibandani, hakuna mtu aliyefunga duka lake aje kunisikiliza mimi.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nikakaa nikingoja maji. Nilidhani yamekuja siku niliposoma mahali kwamba zile namba za nanomita si kipimo halisi tena, kwamba viwanda vinazitumia kama jina tu la bidhaa, na nanomita tatu ya kiwanda hiki si sawa na ya kile. Jumamosi iliyofuata nilikaa benchi la mbele.

"Mwalimu, samahani," nikasema mbele ya watu wote. "Hizo namba munaandika si za kweli. Ukichukua rula ya kupima, hautapata hiyo tatu mahali popote."

Alinitazama kwa furaha, kama mtu aliyeletewa maji ya kunywa. "Papa Nsimire amesema kweli," akawaambia. "Ile namba ni jina, si kipimo. Nilipashwa kuwaambia tangu zamani. Muandike." Na watu wakaandika. Kisha akanishukuru kwa jina, akawaambia wanipigie makofi. Nilirudi kibandani nimeshinda, nikiwa na hasira ya aliyeshindwa, wala sikujua nimlaumu nani.

Alikuwa na ukinzani mwingi, na mimi niliukusanya wote. Alijua prosesa za mwakani na za mwaka utakaofuata, lakini kompyuta yake mwenyewe ilikuwa ya zamani, yenye feni inayovuma utadhani chigayo cha kusagia mahindi. Alikataza watu kuweka kikombe cha chai karibu na mashine, huku chai yake ikikaa juu ya kasha la kompyuta ipate kupashwa joto. Aliimba besi kanisani bila kupatia sauti hata siku moja, na kiongozi wa kwaya, mtu mkali anayefukuza waimbaji kwa kuchelewa tu, hakumgusa.

Ukinzani mkubwa ulikuwa neno lake la kila siku: musubiri. Mtu akija na nia ya kununua kompyuta kwangu, akapitia kwanza kwa Mwalimu kuuliza, aliambiwa asubiri kidogo, zinakuja nyingine, za sasa zitashuka. Mara nyingi ilikuwa kweli. Hilo halikunipunguzia uchungu. Siku moja nilimkuta bombani akichota maji, nikamwambia yaliyokuwa moyoni.

"Mwalimu, hapa bantu banasubiri miaka kumi, miaka kumi na tano, majina yao yaitwe bapelekwe inchi ingine. Na wewe unabaongezea kusubiri kwingine?"

Akafunga bomba, akainua ndoo. "Hii yangu, Papa Nsimire, angalau inafikaga."

Na alikuwa na neno jingine, ambalo lilinichoma zaidi, kwa kuwa mimi sinalo. Neno hilo ni "sijui". Mtu yule aliyedhaniwa anajua kila kitu ndiye niliyemsikia akisema sijui kuliko mtu yeyote kambini. Aliulizwa, akasema sijui, akatoa kikaratasi mfukoni, akaliandika swali, na baada ya siku mbili au tatu akamtafuta aliyeuliza, hata kama ni mtoto, akampa jibu. Mfuko wa lile koti ulijaa maswali ya watu.

Vingi kati ya vikaratasi vile vilikuwa vya binti yangu. Nsimire ni mtoto wangu wa kwanza, na kwa desturi yetu watu wananiita kwa jina lake. Alipofikisha miaka kumi na minane alishajua kufungua kompyuta na kuifunga bila skrubu kubaki mezani. Nilimfundisha mimi. Lakini maswali yake yakaanza kunipita. Aliniuliza kwa nini prosesa yenye viini vingi vya kufanyia hesabu inashindwa na yenye viini vichache katika kazi fulani. Sikujua. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, hauoni niko nachomea waya?" Akangoja. Nilipomaliza kuchomea nikamwambia anisogezee chuma kingine nikichomee. Alipouliza tena wiki ile nilimkaripia kwamba maswali hayaleti unga.

Baada ya hapo aliacha kuniuliza. Alianza kwenda darasani kwa Mwalimu, na chakula cha jioni nyumbani kwangu kikawa na mgeni asiyeonekana. "Mwalimu anasema." "Mwalimu alionyesha." Mama yake alimsikiliza akitabasamu. Mimi nilimega nsima nikatazama sahani. Nilichotaka ni kitu kidogo sana, na nilikitaka kuliko wasikilizaji wote wa Mwalimu na makofi yake yote: binti yangu akwame mahali, anigeukie mimi.

Kwa hiyo aliposema anahitaji kompyuta yenye nguvu, ajifunze kuchora ramani za nyumba na mabango, niliona mlango umefunguka. Mwalimu alimshauri asubiri miezi michache. Mimi nikasema nitamfanyia wiki hiyo hiyo. Nilikuwa na kompyuta nzuri kibandani, yenye prosesa ya nanomita kumi na nne. Kwenye ile bodi kubwa inayobeba kila kitu, niliyasoma maandishi, nikaona inakubali prosesa mpya zaidi, ya nanomita saba. Nikaing'oa ya zamani, nikaifunga kwa karatasi, nikapanda minibasi mpaka Lilongwe, Area 47, kwa muuzaji mmoja wa vifaa vilivyotumika. Alikubali kuichukua ya zamani na kunipa mpya kwa nyongeza ndogo. "Zikomo, bwana," akanishukuru, na mimi nikarudi nimeiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, nikiishika kila minibasi ilipofunga breki pale Lumbadzi.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Niliwaita watu waone. Nikaweka prosesa, nikapaka ile dawa ya kupitisha joto, nikafunga feni, nikawasha. Feni ilizunguka. Kioo kikabaki cheusi. Nikazima, nikawasha. Cheusi. Nikalaumu kioo, nikalaumu waya, nikalaumu sola, na kwa siku mbili nilibadilisha kila kitu kilichoweza kubadilishwa. Nsimire alikaa kando akinikusanyia skrubu. Siku ya tatu akasema kwa sauti ya chini.

"Papa, Mwalimu anasema ile carte mère haiijue bado hiyo processeur. Inapashwa kufundishwa kwanza. Na inafundishwa kama ya zamani iko ndani."

Ndivyo ilivyokuwa. Ndani ya hiyo carte mère, yaani bodi, mnaishi programu ndogo inayoitambua prosesa. Yangu ilitengenezwa kabla ya ile ya nanomita saba kuzaliwa, na kuisasisha kulihitaji bodi iwake, na kuwaka kulihitaji prosesa ya zamani, ile niliyoiacha Area 47. Fundi wa mjini angefungua droo akatoa nyingine. Sisi huku hatuna droo. Kinachotoka ndicho kinacholipia kinachoingia, na kwa mazoea hayo hayo nilikuwa nimetoa ufunguo ili nipate kufuli.

Kambi nzima ilikuwa na prosesa moja tu ya aina ile, nayo ilikuwa ndani ya kompyuta ya Mwalimu inayovuma. Nilikwenda nimebeba kompyuta yangu. Sikuomba vizuri, nilisema tu, "Nsimire amenituma." Mwalimu alinisogezea mashine aliyofundishia watu ishirini, akanipa bisibisi.

"Muiache iwake kwanza dakika kumi, ipate moto," alisema. "Ile dawa ya joto imekauka. Kamwe musivute ikiwa baridi."

Hiyo ilikuwa kanuni yake, aliisema kila somo. Kwa kuwa ilikuwa yake, nilivuta ikiwa baridi. Feni ilitoka ghafla na prosesa imeganda chini yake, na nilipoigeuza nikaona vijimiguu viwili, kati ya vile mamia vilivyo vyembamba kama sindano, vimelala upande. Kimoja kikivunjika, darasa la Mwalimu limekufa. Nilisimama pale nimeishika, na ukweli ni kwamba kabla ya aibu kuja, ilipita furaha. Ilikuwa fupi, lakini niliiona ikipita.

Mwalimu aliitazama prosesa yake, akanitazama, akamtuma Nsimire, aliyekuwa amekuja nyuma yangu, alete sindano ya kushonea kwa mama yake. Akakaa dirishani. Nsimire akamshikia tochi. Kwa karibu saa nzima aliinua vile vijimiguu, kidogo, kidogo, akibana pumzi, na binti yangu naye akibana pumzi pamoja naye. Sikumbuki kama aliwahi kunishikia mimi tochi namna ile. Nilikuwa baba yake, nimeketi kwenye benchi la wanafunzi, mikono juu ya magoti.

Kisha akaiweka ndani ya bodi yangu, tukalingoja jua la saa sita, betri za sola zijae, kwa sababu umeme ukikatika bodi ikiwa katikati ya kufundishwa, hiyo bodi haiamki tena. Mwalimu alikwenda mwenyewe kumwomba kinyozi, tuliyeshirikiana naye waya, azime mashine ya kunyolea. Kinyozi alikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Wote wawili wakaja kusimama mlangoni, mteja na taulo lake shingoni, wakatazama mstari mweupe unaoonyesha bodi inavyofundishwa ukijaa kiooni. Ulipojaa, Mwalimu akatoa prosesa yake, ikiwa ya moto safari hii, akaweka yangu, akawasha. Kioo kikawaka.

Nsimire alipiga makofi, akageuka, akamtazama Mwalimu. Kila mtu alimtazama Mwalimu.

"Hapana, hapana," akasema. "Musinitazame miye. Papa Nsimire njo alienda kuitafuta."

Afadhali angenicheka. Nilibeba ile kompyuta kwenda nayo nyumbani, na kwa mwezi mzima sikumsalimia mtu yule ila alipoanza yeye.

Miaka ikapita. Nsimire alipata nafasi ya kusoma Lilongwe, kisha kazi katika duka la kuchapisha mabango. Alinipigia simu kila Jumapili kuuliza afya na kunisalimia. Mambo ya kompyuta hakuniuliza, nami sikuwahi kumwambia aniulize. Mwalimu naye macho yalianza kumsumbua. Alianza kuandika kadibodi yake kwa herufi kubwa zaidi, kisha kubwa zaidi, mpaka prosesa mbili tu zikatosha kuijaza. Mwishowe alipelekwa Lilongwe kutibiwa, akapewa chumba na watu wa kanisa huko Chinsapo, na mabenchi yakarudi kanisani.

Mwaka huu nilikuwa mjini kununua vifaa, nikaenda kumtazama. Niseme kweli, sehemu yangu moja ilitaka kumwona amepungua. Nilimkuta barazani, kitambaa kikiwa juu ya jicho moja, lile jingine likitoa machozi. Alinijua kwa kikohozi.

"Papa Nsimire. Mukae, mukae." Akanisogezea kiti, akaingia mara moja kwenye mambo yake. "Muniambie. Zile za nanomita mbili zimetoka ama bado? Hapa hakuna mtu wa kunisomea."

Nikamsomea kutoka simu yangu. Alisikiliza amefumba macho, akitingisha kichwa. Tulikuwa katikati ya habari simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Akanipa.

"Munisomee na hiyo. Miye sioni herufi tena."

Juu ya kioo palikuwa na jina la binti yangu.

Nikasoma kwa sauti. Kazini walimwachia achague kompyuta mbili za mezani. Anunue za sasa, au angoje zile zinazokuja mwisho wa mwaka? Na umeme wa pale dukani unakatika kila wakati, unarudi kwa kishindo.

"Bon," alisema Mwalimu. "Mumujibu. Maneno ya umeme kukatika, mi nilikuwa nitasema sijui. Nyinyi njo munajua."

"Niseme ni mimi?"

"Kama munapenda."

Nilianza kuandika kwamba ni Papa. Nikafuta. Nilitaka kuona, mara moja tu, jinsi anavyozungumza na yule mwingine. Nikamwandikia kwamba kwa kazi ya mabango za sasa zinatosha, asingoje, fedha inayobaki aiweke kwenye pawa saplai nzuri, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na kifaa cha kulinda umeme, kwa sababu prosesa hata iwe ndogo namna gani, umeme mbaya unaiua siku ile ile. Nikamweleza aangalie nini, na afungue upande gani kuona kama imewahi kuungua. Niliandika mengi. Sikupata kumwandikia mtu mengi namna ile.

Jibu lilirudi haraka. "Asante sana Mwalimu. Hapa njo nimeelewa vizuri."

Nikasoma hilo kwa sauti, na uso wangu ukapata joto kama wa mtoto aliyesifiwa. Kisha ukaja ujumbe wa pili. Huo niliusoma kimya.

"Lakini musimwambie Papa kama nimewauliza nyinyi. Nikimuuliza kitu hajui, anaumia, na mi sipendi kumuona anaumia. Akisikia nauliza kwingine ataumia zaidi."

"Anasema nini tena?" akauliza Mwalimu.

"Anashukuru," nikasema.

Nikaandika: Sitamwambia.